Nyuki Walionihama Kiangazi

Mizinga yangu sita iko pembezoni mwa shamba letu la mihogo, Kagerankanda, pale msitu wa miyombo unapoanzia. Mwaka ule tulirina mwanzoni mwa Juni, mimi na mume wangu, tukagombana pale pale tukiwa tumevaa nyavu usoni.

"Kata yote," alisema. "Baba alikuwa anakata yote, na nyuki walirudi."

Nilikataa. Kiangazi chetu ni kirefu, na maua yakiisha nyuki hula akiba yao mpaka mvua zirudi. Nikaacha nusu ya masega katika kila mzinga. Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na cha kusimulia.

Balaa nililitoa kwenye simu. Niliona video ya mzungu akiandaa mizinga yake kwa majira ya theluji. Aliifunika, akaziba mlango ukabaki upenyo mdogo, akawapa nyuki maji ya sukari. Asubuhi za Juni huku kwetu zina baridi kweli, vidole vinakufa ganzi ukishika jembe. Nikawahurumia nyuki wangu. Nikaizungushia mizinga viroba na vipande vya turubai, nikasokomeza matambara milangoni, nikaweka visahani vya sukari juu ya masega.

Siku ya tatu sisimizi walikuwa wamepanda miguu ya vichanja vinavyobeba mizinga, mstari mweusi hadi ndani. Mlangoni mwa mzinga wa kwanza nyuki walikuwa wanabingirishana, wameshikana kama watu wanaogombania zamu bombani. Nilidhani ni wa nyumba moja. Kumbe wa mzinga wa pembeni yake, wenye nguvu kuliko wao, walikuwa wamenusa ile sukari na wamekuja kuiba.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika siwezi kutulia. Nikaanza kufungua mizinga kila baada ya siku moja. Moshi, fungua, kagua, funika. Katika mzinga wa kwanza majana, watoto wa nyuki walio ndani ya masega, yalikuwa yanapungua kila nikitazama, mwisho sikuona hata yai.

"Baridi imemzuia malkia kutaga," nilimwambia mume wangu.

"Labda," alijibu, akaendelea kunoa panga lake. Lile "labda" liliniudhi wiki nzima.

Jumapili tulipotoka kanisani nilisikia mvumo kabla sijafika uani. Mama mkwe alikuwa amesimama shambani, ananyoosha kidole, anapiga kelele: "Inzuki! Inzuki!" Juu ya mihogo kulikuwa na wingu la nyuki, linazunguka polepole. Nilichukua sufuria na mwiko nikakimbia na kitenge changu cha kanisani, nikipiga sufuria kama kichaa. Nilirusha mchanga ili watue. Hawakutua. Walipita juu ya miyombo wakaelekea bondeni, na mimi nikabaki nahema, viatu vimejaa udongo.

Niliporudi nilifungua mzinga wa kwanza. Masega yalikuwa makavu. Asali niliyoipigania mbele ya mume wangu walikuwa wameila wakaondoka nayo tumboni.

Jioni alikuja jirani yetu, mama mtu mzima aliyekulia Nyabibuye katika familia ya warina asali. Aliuzunguka ule mzinga mtupu wenye viroba, akaguna.

"Hii nguo ya nini, mwanangu?"

"Ya baridi, mama."

"Nyuki wetu hawakai kungoja baridi iishe. Wakisumbuliwa, wanahama. Ulikuwa unafungua mara ngapi?"

Nikamwambia. Akanitazama kama mtu niliyemkanyaga mguu.

"Mlangoni walikuwa wanaingia na chavua miguuni?"

Nilifikiri. Hapana. Wiki nzima sikuwa nimeona hata punje ya njano.

"Chavua ni chakula cha watoto. Wakiacha kuileta, ujue hawalei tena. Malkia hakuzuiwa na baridi. Walikuwa wanajiandaa kuondoka, na wewe ulikuwa unawachungulia."

Nilitaka kulia, zaidi kwa aibu kuliko kwa hasara. Kila dalili nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, na kila moja nilikuwa nimeipa maana niliyoitaka.

Kesho yake nilivua viroba vyote, nikatoa matambara na sukari. Nilipaka oili chafu kwenye miguu ya vichanja, nikafyeka majani kuzunguka mizinga ili moto wa msituni usifike, nikaweka beseni la maji lenye vijiti vya kutulia. Kisha nikajikataza kufungua. Hilo ndilo lililonishinda zaidi. Nilikuwa nakaa mbali, nimekunja mikono, nahesabu miguu yenye chavua.

Mwezi Agosti nyuki wa mzinga wa pili walihama pia, pamoja na hayo yote. Mvua zilipoanza nilikuwa na minne. Ile miwili nimeisafisha na kuipaka nta mara tatu sasa, na hakuna kundi lililoingia. Ndani kuna buibui tu.