Mbwa na Bomba la Moto

Harufu ya chuma kinachochomelewa ikinifikia hapa Ikwiriri, masikio yangu bado husubiri mlio wa mbwa.

Baba alikuwa akichomelea mabomba uani. Mbwa wetu, mlinzi wa mpunga dhidi ya nguruwe, tulimfunga mbali, na tulikatazwa kabisa kuguswa na mate yake, kwa kuwa ni najisi. Siku hiyo kamba ilikatika. Akaja moja kwa moja kwenye bomba lililokwisha kupoteza wekundu lakini bado la moto, akatoa ulimi. Baba akaruka, akamziba mdomo kwa kiganja kitupu.

“Baba yao, mate hayo!” mama akapiga kelele. “Na adhana ndiyo hiyo!”

“Basi niletee maji na udongo, nitajitwaharisha.”

Hakumwachia mpaka bomba lilipopoa.