Mwaka Bustani Yetu Ilipotoka Kwenye Bajeti

Ijumaa alasiri, baada ya sala, wanawake wa mtaa wetu wa Shella, hapa Malindi, tulikuwa na mahali petu. Ilikuwa bustani ndogo ya serikali karibu na bahari, imezungushiwa ukuta, na siku hiyo wanaume hawakuingia. Tulitandika mikeka, tukavua mabaibui, tukanywa kahawa na kashata huku watoto wakirushiana maji ya bomba. Mama yangu alikuwa na pembe yake, na ole wake mtu atakayekutwa amekaa hapo. Naitamani bustani ile mpaka leo. Nikipika naitamani, nikifua naitamani, na sioni haya kusema.

Mlinzi, mtunza miti na maji, vyote vililipiwa na kaunti, na kaunti ilipata fedha hizo kwenye kodi ya ardhi, nyingi ikitoka kwa majumba ya Wazungu yaliyojipanga ufukweni. Mimi nimefanya kazi ya usafi katika majumba hayo, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa yaliyofuata. Wenyewe walizeeka, wengine wakafa, wengine wakarudi kwao. Warithi hata sura zao hatuzijui. Nyumba niliyokuwa nikiipiga deki mpaka sakafu ing'ae, leo bwawa lake la kuogelea limehamiwa na vyura, na sijasikia chura aliyelipa kodi ya ardhi.

Ndipo kaunti ikatuita kikaoni tutoe maoni yetu kuhusu bajeti. Kijana wa idara ya fedha, mtu wa bara, mpole, alitueleza wazi. Kodi ya ardhi inapungua kila mwaka. Majumba yamefungwa, mengine yako mahakamani watu wanagombea urithi, na kumdai mtu asiyejulikana aliko ni kazi ya miaka. Mishahara, lakini, haipungui. Kwa hiyo katika mambo madogo lazima moja lingoje. Mbele yake alikuwa na maombi mawili: bustani yetu, na tangi la maji la zahanati moja kule Gongoni.

Mwanamke wa Gongoni alisimama kwanza. Alikuwa kibarua wa mashamba ya chumvi, na bintiye alikuwa mja mzito. Alisema huko kwao anayekwenda kujifungua huletewa maji kwa pikipiki, kwenye madumu, na pikipiki ikiharibika njiani basi. Kisha akakaa.

Mama yangu ndiye tuliyemchagua atusemee. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuharibika kwa ile presha ya macho, nikamshika mkono asimame. Asubuhi nzima tulikuwa tumempangia la kusema.

"Tumeisikia haja ya wenzetu," akasema. "Wapeni wao kwanza. Sisi twaweza kungoja."

Mtu yeyote wa Shella angeelewa. Kwetu ukikaribishwa chakula husema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Mwenyeji hukusihi, ukakataa, akakusihi tena, ndipo ukanawa mikono. Mama alikuwa ameshiba namna hiyo. Alikuwa akingoja aambiwe, la, mama, nanyi pia mna haki yenu, hebu tutafute njia.

"Kwa hiyo Shella wameridhia?" yule kijana akauliza.

"Tumeridhia," mama akasema. Jibu jingine la kiungwana hakuwa nalo.

Kijana akamshukuru kwa moyo wake wote, ukumbi ukapiga makofi, kikao kikahamia kwenye mambo ya soko. Mimi nilitaka kuinuka niwaambie wote wamekosea, lakini mama alikuwa ameshanikamata baibui.

Tulipofika nyumbani nilimwambia ameigawa bustani yetu. "Sikuigawa," akanijibu. "Niliwakaribisha tu. Wao ndio walitakiwa wanikatalie." Nilimnunia juma zima. Halafu nikaona haya, maana wale wanawake walihitaji maji kweli, na tangi lenyewe lilijengwa. Lakini haya haikuniondolea hamu. Ijumaa ikifika mama aliendelea kuoga, kujifukiza udi na kukaa barazani, kama mtu anayengoja kupitiwa. Wenzake nao walikaa kila mmoja barazani kwake.

Lango la bustani likatiwa mnyororo. Kila nilipomtembeza mama nilipita njia nyingine. Sasa alikuwa akiona mwanga na kivuli tu, nami sikutaka aniulize nilichokuwa nikikiona.

Mwaka uliofuata yule mwanamke wa Gongoni akatujia nyumbani na kuku wa kienyeji mkononi. Bintiye alikuwa amejifungua salama. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akamwita mayo, kama Wagiriama wanavyowaita mama zao.

"Mayo, siku ile moyo wangu ulitaka kukataa," alisema. "Lakini kwetu mtu mzima akikupa, wapokea kwa mikono miwili. Kumrudishia ni kumtukana."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaomba baibui lake. "Twende, mwanangu," akamwambia mgeni, "ukaione hiyo bustani."

Nilisema jua ni kali. Nilisema chai iko motoni. Hakunisikiliza.

Langoni mama alishika vyuma, akaanza kumwonyesha mgeni kwa kidole. Kule kuna viti vya saruji. Hapa ndipo tulipotandika mikeka. Na ukuta ule wa mbele una yasmini, niliipanda mimi mwenyewe. Ndani mlikuwa na mchanga mtupu, chupa za plastiki, na mbuzi wawili wakitafuna vijiti vikavu. Mgeni alitazama, kisha akanitazama mimi.

"Naiona, mayo," akasema. "Imepanda mpaka juu ya ukuta."

"Imechanua?"

"Imechanua."

Upepo wa bahari ulikuwa ukipita bustanini na kutupiga usoni. Mama akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena. Nilishindwa kumtazama. Akaupapasa mkono wa mgeni mpaka akaupata, akaushika.

"Ni huu upepo tu, leo umegeuka," akamwambia. "Siku nyingine utaisikia harufu yake."