Kona ya Mbuke

Miaka kumi na mmoja Salvina na Mbuke walikuwa mabingwa wa mpira wa vinyoya, wanawake wawili wawili, wakijifua katika ukumbi mkongwe wa Mwadui, madirisha yamefungwa upepo usihamishe kinyoya. Kisha goti la Mbuke, goti lisilo na adabu, likagoma. Salvina akapewa mwenzi mpya, Asteria.

Siku ya kwanza kinyoya kilidondoka mara tatu kona ya kushoto nyuma, Salvina akikitazama tu.

"Dada, mbona unakiacha?" Asteria akafoka.

Salvina akakiokota kinyoya. Kona ile ilikuwa ya Mbuke.

Mara ya nne, Mbuke akamwita Salvina kwa sauti kutoka benchi, mkongojo mkononi: "Kimbia, Mama Agapiti! Mimi siji tena."

Salvina akakimbia, akakipiga huku analia.