Koki Namba Kumi na Nne

Umewahi kufuta kazi ya miaka thelathini ya mtu, kisha ukajipongeza kwa usafi? Kijana huyu alifanya hivyo, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Idara ya maji ilimpa kazi ya kutengeneza tovuti ya pamoja, ambayo kila fundi angeweza kuandika kurasa na kurekebisha za wenzake. Ofisini walimwita Kiguu na Njia, maana kitini hakai: huchapa mistari miwili, husimama, huenda dirishani, hurudi. Alichojivunia zaidi ni sehemu ya kupakia mafaili. Jina moja, faili moja. Ukipakia jingine lenye jina lilelile, la kwanza linajiondokea. Makabati ya ofisi za umma, alikuwa akihubiri, yamejaa kwa sababu hakuna mwenye ubavu wa kutupa kitu.

Saa nane mchana akaingia shangazi yake. Ndiye aliyechora mabomba ya mji mzima, na zilibaki siku nne astaafu. Kesho mafundi wangechimba penye koki namba kumi na nne, na mchoro wake hauoni. Kijana akamfungulia ukurasa, mchoro huo hapo.

"Huu ni wa mwaka jana," shangazi akasema. "Mimi nataka wa kwanza."

Ndipo alipong'amua. Kwa mafundi, namba ni ya mahali, si ya karatasi. Koki ikihamishwa, mchoro mpya huchukua namba ileile, na wa zamani huwekwa nyuma yake jaladani, kwa sababu bomba la zamani halifukuliwi. Linabaki ardhini, na hilo la kumi na nne bado lilikuwa na maji yenye msukumo mkubwa.

Akauliza karatasi yenyewe iko wapi.

"Nimeichana. Si wewe uliyesema karatasi zimepitwa na wakati? Baba, siku ile ulivyohutubia, hata mimi nilipiga makofi."

Kijana akafungua nakala ya akiba ya Ijumaa: mafaili mia mbili na ushee, yamechanganyika. Akaanza kuizunguka meza.

"Kaa," shangazi akamwambia. "Ukizunguka hivyo utafukua bomba humuhumu ndani."

Walifungua moja baada ya jingine. Saa kumi na moja wakaupata.

Mkuu wa kitengo akashauri waupakie kwa jina jingine, mambo yaishe. Kijana akakataa katakata. Akataka kila faili libaki, na tarehe yake na aliyelipakia, jipya juu, la zamani chini yake. Mkuu akalalamika kwamba kurasa zitajaa takataka.

"Wa kusema kipi takataka ni anayechimba," kijana akajibu, "si mimi niliyekaa kitini."

"Na kitini kwenyewe hukai," mkuu akasema, lakini akamwachia. Usiku huohuo mfumo mpya ulikuwa hewani.

Asubuhi kijana aliwahi kufika kwenye eneo la kuchimba. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa ameshapigilia kigingi cha kuonyesha pa kuchimba, sururu imeegemea begani. Akatoa simu, akafungua ukurasa, akatazama mchoro wa juu, akateremka hadi wa chini. Akaukunja uso. Kisha akaking'oa kile kigingi, akahesabu hatua tatu kushoto, akakipigilia upya.