Mgongo wa Mwalimu wa Gita

Mwanafunzi mpya akishaanza kupiga, mwalimu wa gita humpa mgongo na kujitia anafuta dirisha, maana vidole visivyozoea huona haya vikitazamwa. Ndiyo maana dirisha lile linang'aa kuliko yote mtaani. Kabla ya somo hukagua ncha za vidole, na akikuta sugu ya mazoezi hufurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Leo mwanafunzi mmoja, mama fundi cherehani aliyehangaika wiki saba kuhamisha vidole kutoka uzi hadi uzi wa gita, amevihamisha bila wimbo kukatika. Kitambaa cha mwalimu kikaganda kiooni.

“Mwalimu, umesikia?”

“Sijasikia, mama,” akajibu bila kugeuka, tabasamu limemjaa uso mzima. “Hebu rudia.”