Betri za gari la kulala, macho ya kaka yangu, na maji yaliyokuwepo

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji tu wa siku nyingi. Huwa napita kimya, nacheka na nyinyi, naenda zangu. Lakini juzi kuna mwenzetu aliuliza jinsi ya kuhifadhi betri za gari ambalo litakaa bila kutembea, na majibu yakawa utani mtupu. Sikuweza kucheka.

Haya yalitokea kwetu. Sijaongeza chumvi, na mwenyewe amenikubalia niandike.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Kioko. Ni dereva tangu ujana, na hajui kazi nyingine. Baada ya kuendeshea watu magari yao miaka na miaka, alinunua van kuukuu, akaitengeneza polepole mpaka ikawa gari la kulala. Kitanda nyuma, meko ndogo, friji ndogo, taa. Chini ya kitanda, betri mbili kubwa za kuwasha hivyo vitu vyote.

Watu walikuwa wakimkodi kwenda mbugani. Yeye ndiye dereva, mpishi na mpiga hadithi. Nawaambia wakuu, sijawahi kuona mtu anapenda barabara hivyo. Angekuelezea kona ya Kibwezi utadhani anakuelezea mchumba.

Sasa, ikifika masika, wateja hupotea. Nani anataka kulala kwenye gari matopeni? Kwa hivyo van huwa inaegeshwa kwenye ploti ninayokaa mimi, Donholm, ikingojea mvua iishe.

Wenzetu wa nchi za baridi, nimesoma, hutoa betri kwenye gari kwa sababu ya barafu. Sisi wa Eastlands hapa Nairobi tunazitoa kwa sababu ya wezi. Hapo hapo kwetu lori la jirani liliamka asubuhi bila betri, na mlinzi akaapa hakusikia kitu. (Huyo mlinzi ana yake, lakini si leo.)

Kioko akafungua zake, akazibeba hadi kwake Kware, chumba kimoja ghorofa ya nne, anapokaa na mke wake Mwende. Zikawekwa pembeni ya kitanda kama wageni.

Na alizitunza, msije mkamdhania mzembe. Kabla ya kuzitoa alizijaza chaji, kwa sababu betri ya asidi ikilala tupu inakufa pole pole. Alizifuta vumbi, akazipaka grisi kwenye vichwa vinavyoshika nyaya. Kila baada ya wiki kadhaa anazirudishia chaji. Maji yakipungua anaongeza maji safi ya betri yale ya kununua, si asidi kama wengi wenu mnavyofanya. Ndiyo, nyinyi.

Kosa lilikuwa moja. Alikuwa anazichajia ndani.

Jumamosi moja mchana mvua ilinyesha mpaka barabara ya chini ikawa mto. Dirisha wakalifunga, maji yalikuwa yanaingia hadi kitandani. Chaja ilikuwa inafanya kazi tangu asubuhi. Mwende anasema kulikuwa na harufu ya mayai yaliyooza, akadhani ni mtaro wa nje.

Hiyo harufu, wakuu, ni betri inakwambia imechajiwa kupita kiasi na inatoa hewa mbaya. Na pamoja nayo hutoka nyingine isiyonuka kabisa, ambayo hushika moto kwa cheche ndogo tu.

Mwende alitaka kupika chai. Kioko akamwambia, "Ngoja kwanza nitoe hii betri hapa karibu na meko." Yaani alikuwa anajaribu kuwa mwangalifu. Hilo huwa linaniuma sana.

Akainama, akavuta klipu ya chaja kutoka kwa kichwa cha betri kabla ya kuzima stima ukutani.

Cheche ikaruka. Betri ikapasuka kwa mlio kama wa tairi la lori. Asidi ikampata usoni, macho yote mawili.

Hapa naomba msome polepole.

Kware bomba hukauka wiki nzima, kwa hivyo ikinyesha kila mtu huweka chombo nje kuteka maji. Mwende alikuwa na karai kwenye korido, chini ya mfereji wa paa. Lilikuwa limejaa, linamwagika. Alikimbia akalibeba, akaingia nalo.

Kioko akasikia maji yakichapachapa. Akapiga kelele, "Usinimwagie! Mwende, usinimwagie maji! Yatachemka na asidi!"

"Sasa nifanye nini, baba?"

"Maziwa! Itisha maziwa!"

Akaliweka karai chini.

Niwaeleze kwa nini. Akiwa kijana Kioko alifanya kazi gereji moja, na fundi wake alimfundisha sheria ya kuchanganya asidi: asidi ndiyo inamwagwa kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi, itachemka ikurukie. Ni sheria ya kweli kabisa. Aliishika maisha yake yote, na siku ile akiwa gizani, akiungua, ndiyo iliyomjia. Na Mwende alimwamini, kwa sababu katika nyumba ile mambo ya betri aliyajua Kioko.

Jirani wa mlango wa pili alileta nusu pakiti ya maziwa. Wakampaka. Mwingine akatumwa dukani chini, kwenye ile mvua, akalete mengine. Mtu akampangusa na leso. Watu wazima wamejaa mlangoni, wamelowa, maji yanatiririka kila mahali, na hakuna aliyemwaga hata kikombe.

Caretaker wa jengo ndiye aliyepata gari la kuwapeleka hospitali. Mimi nilipigiwa simu nikawakuta huko.

Swali la kwanza la sista lilikuwa, "Mlimwosha na maji?"

Mwende akaanza kueleza habari ya maziwa. Sista hakungoja. Akamlaza, akafungua maji, akaanza kumwosha macho, na akaendelea kwa muda mrefu sana. Mwende alikuwa amesimama pale anatazama maji yanavyotiririka juu ya uso wa mumewe, na hayachemki. Hayafanyi kitu chochote. Yanatiririka tu.

Baadaye daktari alituambia kwamba sheria ya gereji ni ya kuchanganya asidi kwenye chombo. Ikishaingia jichoni au kwenye ngozi, dawa ni maji safi mengi, hapo hapo, bila kusita, na uendelee kuosha huku mnatafuta hospitali. Alisema kila dakika ilikuwa na maana. Nadhani hakujua Mwende alikuwa nyuma yake.

Jicho la kulia lilikwisha. La kushoto linajua tu kama ni mchana ama usiku. Kaka yangu hataendesha gari tena.

Van bado iko hapa kwangu. Siku zingine anakuja, anakaa kwenye kiti cha dereva, anashika usukani. Namwacha. Naingia ndani nalia, sioni aibu kuandika.

Tulipompeleka nyumbani Machakos, mama alimshika uso, kisha akamgeukia Mwende akamuuliza, "Kwani hamkuwa na maji, mwanangu?"

Kioko akasema haraka, "Mama, ni mimi nilimkataza."

Mwende akasema, "Yalikuwepo, mama."

Najua mnataka funzo, na wataalamu wa humu mtaongeza yenu. Betri ichajiwe nje au palipo na hewa, mbali na meko. Zima stima ukutani kwanza, subiri, ndiyo uguse klipu. Vaa miwani, hata ile ya fundi wa welding. Ukisikia ile harufu, zima huko ukutani, toka, uache hewa ipite. Na asidi ikikurukia, maji. Maji mengi, hata ya mvua, hata kama mwenyewe anakukataza kwa kelele. Mshike umwoshe kwa nguvu, mtagombana baadaye akikutazama.

Wiki iliyopita nilienda kwao Kware. Hakuna betri tena mle ndani, hata ile iliyobaki waliiuza. Lakini kando ya mlango kuna lile karai, limejaa maji hadi ukingoni, limefunikwa na kitambaa safi. Nilitaka kunawa mikono, Mwende akanizuia taratibu, "Hayo hapana, shemeji." Akanichotea mengine kutoka kwa mtungi.

Kioko aliniambia tukishuka ngazi kwamba kila asubuhi humsikia akiyamwaga na kuyaweka mapya.

Basi wewe unayesoma hii na betri iko pembeni ya kitanda, usiniambie pole. Nijibu hapo chini: maji yako yako wapi?