Figo za Muzee Barthélemy

Muzee Barthélemy anauza fromaje, jibini la Masisi, pale sokoni Birere, na ulimi wake haujui likizo. Atakusimulia ukoo mzima wa ng'ombe wake wa kwanza hata kama umekuja kuuliza njia tu. Jambo moja hakuwahi kulitamka: mwaka jana daktari alimwambia figo zake zimechoka. Karatasi ya majibu aliikunja akaificha ndani ya Biblia, katikati ya kitabu cha Hesabu, ambako nyumbani kwake hakuna anayefika.

Sasa daktari mwingine akataka tumbo lake lipigwe skaneri, na aliyemsindikiza ni Clarisse, muke wa mutoto wake. Hapo ndipo balaa. Kwao milimani, mkwe hamtajii mkwe habari za chini ya mkanda.

Achille, kijana wa mashine, alishika fomu. "Papa, tutakuchoma dawa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri. Figo ndizo zinaitoa, inatoka na mkojo. Uko na shida ya figo?"

Clarisse alisimama hatua mbili tu, amekumbatia koti lake. Muzee akatazama dari.

"Hapana."

"Unakojoa muzuri?"

"Kijana, uko unapiga picha ao unaungamisha?"

Achille akacheka, akaandaa sindano. Muzee alijua vizuri: karatasi ilisema dawa hiyo inaweza kuzimaliza figo zake. Akapandisha mkono wa shati hata hivyo. Bora kaburi kuliko aibu.

Clarisse akageuka, akauelekeza uso ukutani.

"Mupime damu kwanza. Figo zake ni mbaya. Ile Biblia ni mimi ninaipanguza vumbi. Tangu siku nilisoma ile karatasi ninamupikia bila chumvi."

Muzee, aliyekwisha kutangazia soko zima kwamba mwanawe ameoa mwanamke asiyejua kupika, alishusha mkono wa shati polepole.

Damu ilipimwa. Daktari akaamua picha ipigwe bila dawa. "Watu wengi hawasumbuliwi nayo," alisema, "lakini kwa figo hizi, ilikuwa hatari."

Walipotoka, Muzee alitangulia. Getini akasimama, akiziangalia pikipiki barabarani.

"Mkojo una povu," alisema bila kugeuka, kama mtu anayezungumza na pikipiki. "Tangu Pasaka. Na miguu inavimba."

Nyuma yake Clarisse aligeukia mlango wa hospitali.

"Turudi tumuambie docteur, papa."

"Utamuambia wewe," Muzee akasema. "Mimi nitakuwa karibu."